Makumbusho na maktaba ziwape nafasi bibi na mjukuu wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalohusu namna makumbusho na maktaba zetu zinavyozipokea familia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nimeshika chaki kwa miaka 21, na mara nyingi nimepeleka wanafunzi kwenye ziara za mafunzo. Hata hivyo, haya ninayoyaandika sikuyaona nilipokuwa na wanafunzi. Niliyaona siku nilipokwenda kama mzazi, nikiwa nimefuatana na mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje mwenye umri wa miaka 76, pamoja na binti yangu wa miaka 9.

Ukimwambia mkazi wa jiji hili kwamba unakwenda Makumbusho, mara nyingi ataelewa kwamba unakwenda kupanda daladala pale stendi. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu, hupitwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuvuka lango lake. Nimewauliza wazazi wengi wa darasa langu kama wamewahi kuingia. Waliojibu ndiyo waliingia wakiwa wanafunzi, wamevaa sare, wamepangwa mstari, na hawakurudi tena. Jibu hilo limenifikirisha sana, kwa sababu linaonyesha kwamba tumezoea kuyaona makumbusho kuwa mahali pa kupelekwa na mwalimu, si mahali ambapo baba na mama huamka Jumamosi wakasema, leo twendeni.

Sasa nieleze kilichotupata. Jumba tulilokwenda sitalitaja, kwa kuwa ninaamini jambo hili lingeweza kutokea kwingi. Tulifika kwenye kabati la kioo lenye vyombo vya jikoni vya watu wa pwani: kawa, kata, kifumbu, na mbuzi ya kukunia nazi. Binti yangu akasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa chini, yaliyosema "Mbuzi. Mti na chuma. Pwani," kisha akainua uso na kuuliza mbuzi mwenyewe yuko wapi. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akamweleza. Akainama kama mtu anayekaa, magoti yamebana, mikono miwili ikizungusha hewani kizio cha nazi kisichokuwapo, akamwonyesha jinsi meno ya chuma yanavyotakiwa kugusa nyama ya nazi polepole, kwa sababu ukikuna kwa pupa zinatoka chenga kubwa na tui halitoki. Akaendelea na kifumbu, jinsi machicha yanavyotiwa ndani na kukamuliwa; akamweleza tofauti ya tui la kwanza na tui la pili, na kwa nini samaki hupikwa kwanza kwa tui jepesi, na kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, hutiwa mwishoni na kukorogwa bila kupumzika ili lisikatike. Mtoto aliuliza meno yale hutengenezwa na nani, kama yakichakaa hutiwa mapya, kama bibi aliwahi kujikata, na kwa nini wasingetumia tu blenda. Nilisimama pembeni nikisikiliza, na ninakiri kwamba katika miaka yote ya kufundisha sijawahi kupata maswali yanayofuatana namna ile kutoka kwa mtoto mmoja ndani ya dakika kumi.

Ndipo akaja mwongozaji na kutuomba, kwa adabu kabisa, tusizibe njia, kwani maelezo yangetolewa na yeye. Akatueleza kwamba kile ni kifaa cha asili cha kukunia nazi kilichotumiwa zamani na watu wa pwani. Mama alikuwa amekuna nazi kwa mbuzi yake juzi yake. Hakujibu kitu. Sehemu iliyobaki ya ziara aliimaliza akiwa amekaa kwenye benchi karibu na lango, na binti yangu alitembea kimya nyuma ya mwongozaji hadi mwisho.

Simlaumu kijana yule. Alifanya kama alivyofundishwa, na maelezo yake hayakuwa na kosa isipokuwa hilo neno "zamani." Kosa liko kwenye mpango. Mpango ule ulikuwa umeandaliwa kwa kudhani kwamba anayejua ni mmoja, naye ni mtumishi wa makumbusho, na wengine wote waliolipa kiingilio ni wasikilizaji. Familia ikiingia kwa utaratibu huo hugeuzwa kuwa darasa dogo lisilo na sare. Ninachoomba mimi ni kwamba makumbusho na maktaba ziandae mipango ambayo mwanafunzi wake ni familia nzima, na ambayo ndani yake mzee, mzazi na mtoto kila mmoja ana jambo la kutoa na jambo la kupokea.

Hili si wazo langu peke yangu, na wala si geni duniani. Makumbusho ya kwanza ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Katika miaka ya 1960, makumbusho ya watoto ya Boston chini ya mkurugenzi wake Michael Spock yalianza kuviondoa vitu nyuma ya vioo ili watoto wavishike na kuona ndani yake kuna nini. Lakini kazi iliyonisaidia zaidi kuelewa yaliyotupata ni ya Philadelphia, ambako taasisi nne, yaani Franklin Institute, chuo cha sayansi asilia cha mji huo, bustani ya wanyama na jumba la viumbe wa majini lililo ng'ambo ya mto huko Camden, ziliungana kuchunguza familia hujifunzaje zikiwa mbele ya maonesho. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998. Watafiti walisimama na kusikiliza, wakagundua kwamba dalili za kujifunza ni mambo ya kawaida kabisa: mtu kuuliza swali, mwingine kulijibu, mtu kutoa maoni au kueleza anachokiona, na mtu kusoma maandishi, ama kimya ama kwa sauti. Kisha wakayarekebisha maonesho kwa kufuata sifa saba, na dalili hizo zikaongezeka.

Sitazieleza zote saba, ila zipo tatu ambazo kila mhifadhi wa makumbusho nchini anaweza kuanza nazo bila kungoja mfadhili. Ya kwanza ni kwamba kitu kiwekwe mahali ambapo watu wanaweza kukizunguka. Kabati lililobanwa ukutani huruhusu mtu mmoja asimame mbele na wengine wachungulie nyuma ya mabega yake. Meza iliyo katikati ya chumba huwafanya watu watazamane usoni, na watu wanaotazamana huzungumza. Ya pili ni kwamba maandishi yawe mafupi, yenye herufi kubwa, yaliyogawanywa vipande vipande ili mtu aweze kuyasoma kwa sauti huku akimshika mtoto mkono. Kwetu hapa ninaongeza kwamba yawe ya Kiswahili fasaha kinachosomeka, si tafsiri iliyonyooshwa neno kwa neno kutoka kwenye maelezo yaliyoandikwa kwanza kwa ajili ya mtalii. Ya tatu, ambayo ndiyo kiini, ni kwamba kinachooneshwa kiguse maisha ambayo familia tayari inayajua. Mama yangu alikuwa na hiyo ya tatu tele, na mpango ukamwambia anyamaze.

Ninajua mtu atasema kwamba vyombo vya jikoni ni rahisi, lakini mambo mazito ya sayansi na historia ya kale bibi hawezi kuyachangia. Sikubaliani naye. Chukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, ambalo ndilo fahari ya Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Mtoto akiambiwa "miaka milioni 1.75," masikio yake yanapokea sauti tu, kwa kuwa hata sisi watu wazima hatuna mahali pa kuiweka namba hiyo. Lakini fuvu lile lina magego makubwa ajabu. Andika kwenye kadi: "Kila mmoja wenu agusishe ulimi kwenye magego yake ya nyuma. Sasa tazameni magego ya huyu. Mnadhani alikuwa anakula nini?" Familia yote itanyamaza kwa nukta chache ndimi zikiwa kazini, kisha watacheka, kisha watabishana. Baba atasema nyama, mtoto atasema majani, na bibi, ambaye magego yake mwenyewe hayapo tena, ataeleza ni vyakula gani vilivyomshinda kwanza kutafuna na ni vipi anavyoviweza hadi leo. Hapo ndipo maelezo ya mtaalamu kuhusu mizizi, mbegu na mimea migumu yanapopata masikio yaliyo tayari, na ile namba kubwa nayo inakuwa na mtu wa kushikamana naye.

Au chukua nyayo za Laetoli, zilizofichuliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, ambapo viumbe waliotembea kwa miguu miwili walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua miaka milioni 3.6 iliyopita, na majivu yakaganda na kuhifadhi njia yao yenye urefu wa takriban mita 27. Nyayo za karatasi ngumu zenye vipimo halisi, zikibandikwa sakafuni, zinagharimu kidogo sana. Mtoto akianza kuzikanyaga atagundua mwenyewe kwamba hatua zile zinamtosha yeye kuliko baba yake, na kutoka hapo ataanza kuuliza kimo cha wale waliopita, kama walikuwa pamoja, na kama mmoja wao alikuwa mtoto. Wataalamu nao wamejadili maswali hayohayo kwa miaka mingi. Familia ikiondoka na swali ambalo wataalamu wenyewe wanaliuliza, imepata kitu ambacho maelezo ya mwongozaji ya nusu saa yasingewapa.

Nigeukie maktaba, ambako tatizo ni lilelile ingawa lina sura nyingine. Mzazi mmoja wa darasa langu, fundi seremala, aliniambia kwamba alimpeleka mwanawe kwenye maktaba moja Jumamosi. Akaambiwa mtoto aingie chumba cha watoto na yeye asubiri nje, kwa kuwa chumba kile kina viti vidogo na si cha watu wazima. Alipoomba wakae pamoja kwenye ukumbi wa watu wazima, akaruhusiwa, lakini mtoto alipoanza kumsomea kwa sauti akaambiwa hapa hapasomwi kwa sauti. Wakatoka. Baba huyu alisoma hadi darasa la nne tu, na alikuwa amekwenda kwa sababu mtoto wake alitaka kumwonyesha kwamba sasa anaweza kusoma. Aliponisimulia hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba pengine mahali pale si pa watu kama wao, na maneno hayo ndiyo yaliyoniuma.

Utulivu una haki yake. Mwanafunzi wa chuo anayejiandaa kwa mtihani, tena anayetoka kwenye chumba kimoja wanamolala watu watano, anauhitaji ukimya ule kuliko kitu kingine chochote, na sitaki kumnyang'anya. Lakini maktaba inaweza kuwa na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, au hata upenuni nje, ambako kwa saa mbili kila Jumamosi sauti inaruhusiwa. Utandikwe mkeka, kwa sababu juu ya mkeka hakuna kiti kidogo wala kikubwa. Aanze mtu mzima yeyote aliye tayari na "Paukwa!" na watoto waitikie "Pakawa!" Hadithi ikiisha, mtoto achukue kitabu na kuwasomea wakubwa ukurasa mmoja au miwili, na wakubwa waongeze wanachokijua. Mtu asiyejua kusoma hatajisikia mnyonge katika mpangilio huo, maana mtoto anatoa herufi na yeye anatoa maana. Vitabu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya kuchochea uandishi na uchapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na tangu hapo hatuwezi kusema kwamba hakuna cha kuwasomea.

Ningependa pia maktaba zitoe kadi moja ya familia badala ya kadi ya mtu mmoja mmoja, na pamoja na kadi hiyo ziazimishe kikapu. Ninamaanisha kikapu hasa, cha ukili, ambacho ndani yake kuna kitabu kimoja cha watoto, kitu kimoja cha kushika kinachohusiana na kitabu hicho, kadi yenye maswali matatu, na daftari. Familia inakaa nacho wiki mbili. Kwenye daftari mtoto anaandika jambo moja ambalo mzee wa nyumbani alimweleza, kwa maneno ya mzee mwenyewe, na familia itakayokichukua baadaye itayasoma na kuongeza ya kwao. Baada ya mwaka mmoja maktaba ya wilaya itakuwa na madaftari yenye maneno ambayo mimi mwalimu ninaona yanatoweka mbele ya macho yangu: katika darasa langu la watoto 58, niliposema neno "kifumbu" walionyoosha mikono walikuwa wawili, na mmoja alidhani ni aina ya mdudu. Mkutubi aliyezoea kungoja vitabu viletwe kutoka mjini ataona kwamba mtaa wake nao unaweza kuijaza rafu moja.

Jambo hili la kuwafundisha wakubwa kwa kuwaacha wazungumze tunalijua vizuri katika nchi hii, ila tumelisahau. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya mtaani na vijijini. Walisikiliza redio kwa pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Viongozi wa vikundi walikuwa wameandaliwa kuendesha mazungumzo, si kuhutubia. Mama yangu alikuwa katika kikundi kimoja huko Kilwa, na hadi leo anakumbuka walibishana nini kuhusu maji ya kisima, ingawa hakumbuki sauti ya redio ilisema nini. Huduma za maktaba nazo zimekuwapo kisheria tangu 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967. Misingi ilikwishajengwa zamani, na waliojua kuitumia bado wapo hai miongoni mwetu, wengi wao wakiwa ndio hawa mabibi tunaowaacha kwenye benchi.

Kuna pingamizi ambalo ninaliheshimu, nalo ni la wahifadhi. Wanasema kwamba kitu cha kale kikishikwashikwa kinaharibika, na wanasema kweli, kwani jasho na mafuta ya mikono hula mti na chuma, na kitu kikivunjika hakirudi. Basi kitu cha kumbukumbu kibaki salama ndani ya kioo, na pembeni yake kiwekwe kingine cha kushikwa. Mbuzi, ungo, kinu na mchi bado vinauzwa katika masoko yetu, na vikichakaa vitanunuliwa vingine. Kwa mtoto asiyeona, meza hiyo ya kushika ndiyo makumbusho yenyewe, kwa kuwa kabati la kioo halimwambii chochote isipokuwa ubaridi wa kioo.

Lingine nililolisikia ni kwamba tayari zipo siku za familia. Nimehudhuria moja. Palikuwa na muziki mkubwa, puto, soda na mashindano ya kukimbia kwa magunia, watu walijaa, na watoto walifurahi. Lakini ndani ya jumba lenyewe hapakuwa na mtu, na spika zilikuwa zimeelekezwa mlangoni hivi kwamba hata aliyeingia hakuweza kusikilizana na mwenzake. Bonanza ni jambo jema na lina mahali pake. Nisichokubali ni kuhesabu vichwa vilivyopita getini siku hiyo na kuandika katika ripoti kwamba familia zimejifunza.

Kipimo changu ni kingine, na ninawaomba wahusika wakijaribu. Kabla ya kuchapisha kadi au bango lolote, liandikwe kwanza kwa kalamu kwenye boksi lililokatwa, likawekwe mahali pake, na mtumishi mmoja akae karibu na daftari kwa siku moja. Ahesabu maswali yaliyoulizwa na watoto, aandike ni nani aliyejibu, na aandike ni mara ngapi jibu lilitoka kwa mzazi au mzee badala ya mtumishi. Kama familia tano zimepita na hakuna aliyefungua mdomo, boksi litupwe na liandikwe lingine. Hakuna hasara, maana boksi ni la bure. Mipango mingi ninayoijua huandikwa ofisini, huchapishwa kwa gharama kubwa, huzinduliwa kwa hotuba, na haisikilizwi tena na mtu yeyote baada ya hapo.

Waongozaji nao waandaliwe upya, na kwa hili ninasema nikiwa mwalimu, kwa sababu kazi ngumu kuliko zote katika taaluma yetu ni kunyamaza wakati jibu liko mdomoni. Badala ya kuanza na "hiki ni kifaa cha," aanze na "nani hapa nyumbani kwao kuna kitu kama hiki?" Akimpata anayekijua, amwachie uwanja kwanza, kisha yeye aongeze lile ambalo familia haiwezi kulijua: kitu kilitoka wapi, kilipatikanaje, watu wa sehemu nyingine walitumia nini badala yake. Familia za Dar es Salaam ni mchanganyiko. Baba ametoka Dodoma na alizaliwa ndani ya tembe, mama ametoka Newala, na mtoto anajua Kiswahili na mtaa wake tu. Baba huyo akisimama mbele ya tembe pale Kijiji cha Makumbusho ana mambo ya kumwambia mwanawe kuhusu lile paa bapa la udongo, na jinsi lilivyofanya mvua ilipozidi, ambayo hakupata nafasi ya kuyasema sebuleni kwa miaka kumi, pengine kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mwisho kuna mambo madogo yanayoamua kama familia itakuja au haitakuja kabisa. Saa za kufungua zifikirie kwamba wazazi wengi hufanya kazi hadi Jumamosi mchana. Pawe na mahali pa kunyonyesha, choo safi, maji, na kivuli cha kula chakula kilichotoka nyumbani, kwa kuwa familia ya watu sita ikishalipa nauli ya kwenda na kurudi haiwezi tena kununua chakula mkahawani. Kiingilio kiwe cha familia, na wazee wasilipe, kwani katika mpango ninaouelezea wao ni sehemu ya waongozaji.

Kwa upande wangu, nimezungumza na walimu wenzangu watatu na wazazi 11 wa mtaa wetu, akiwemo yule fundi seremala, ambaye amesema atatengeneza meza ya mviringo ikiwa mbao zitapatikana. Tuko tayari kuwa familia za majaribio kwa makumbusho au maktaba yoyote ya jiji hili itakayokubali kutupa Jumamosi mbili. Mama naye amekubali kurudi, kwa sharti kwamba safari hii nazi iwe ya kweli. Mbuzi yake ataibeba mwenyewe, na amesema ikihitajika kubaki huko ili watoto waishike, ibaki; yeye atanunua nyingine.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tandika, Dar es Salaam